Katriji Tupu za Printa ya Picha: Kabla Hujazitupa, Tazama Zimebeba Nini

Sikukuu zikipita na harusi zikipungua, ndipo printa za majumbani zinapokata wino. Nyumba zetu nyingi hapa Maskati, khasa zenye mabinti, siku hizi zina printa ndogo ya picha. Sababu yake twaijua sote: picha za akina mama harusini hazipelekwi studio zikatazamwa na fundi asiyetuhusu. Zinachapishwa nyumbani, zinagawiwa mkono kwa mkono, basi. Wino ukiisha kinabaki kile kidude cha plastiki. Wengine wanakitupa pipani, wengine wanakitia droo mpaka droo haifungiki.

Mimi nimesomesha miaka mingi, na mwalimu hatupi kitu ovyo. Nyuma ya karatasi ya mtihani ni karatasi ya mazoezi, na kipande cha chaki kinaandika mpaka kiwe unga. Bibi zetu nao, mkebe wa maziwa ya unga haukwenda jaani; ulikuwa kipimo cha mchele. Lakini katriji si mkebe wa maziwa. Iko inayojazwa ikafanya kazi tena, iko isiyojazika hata ukeshe nayo, na iko ambayo ukiitupa ovyo umewatupia watu siri za nyumba yako.

Tuanze na ile iliyoenea. Printa nyingi za bei nafuu za HP na Canon zinatumia katriji mbili, moja ya wino mweusi na moja ya rangi tatu. Igeuze chini, utaona kibati chembamba chenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Hicho ndicho kichwa cha kuchapia. Ndani yake mna vipasha moto vidogo mno: wino unapata moto ghafla, unatoa povu la mvuke, na povu linalisukuma tone likaangukie karatasini. Kwa hiyo unaponunua katriji mpya ya namna hiyo hununui wino peke yake, unanunua na kichwa kipya. Na unapoitupa baada ya wino wa kwanza, unatupa kichwa ambacho aghlabu bado ni kizima. Wino wenyewe ni mililita chache tu. Katika zile katriji ndogo za kawaida, wino mweusi wote haupiti sana kijiko kimoja cha chai. Fanya hesabu mwenyewe ya kijiko hicho na riyali ulizotoa.

Epson wamekwenda njia nyengine. Kichwa kimo ndani ya printa, na katriji ni chombo tu, lakini chombo chenye chipu inayohesabu. Chipu ikisema wino umekwisha, printa inaisadiki chipu, haichungulii ndani. Ndiyo maana katriji hizo hata ukizijaza hazikubaliki mpaka chipu irudishwe mwanzo au ibadilishwe.

Kujaza zile za kwanza si uchawi. Juu ya katriji, chini ya lebo, mna matundu madogo. Kwenye ya rangi yako matatu, kila rangi na lake. Unatumia bomba la sindano, unaushusha wino polepole ndani ya sponji, na unasita unapoona unataka kufurika. Ukiharakisha, rangi zitaingiliana, kisha uso wa bi harusi utoke kijani. Ukimaliza ikalishe katriji juu ya karatasi ya tishu, vitundu chini, mpaka iache kuvuja, halafu irudishe kwenye printa na uiambie isafishe vichwa. Printa itaendelea kulalama kuwa wino hakuna, kwa sababu inaikumbuka katriji ile ile. Iachie ilalame, bonyeza ukubali, endelea. Na vaeni glavu jamani, wino huu haujui sabuni.

Liko jambo ambalo mafundi wanalijua na sisi wa majumbani hatulijui. Katriji yenye kichwa haifai kuchapishiwa mpaka ikauke kabisa. Wino ndio unaovipoza vile vipasha moto. Ukilazimisha picha mbili tatu zaidi hali rangi imeshaanza kupauka, vinaungua, na hapo hata ukimimina wino wa pipa zima hautoki. Ijaze pale inapoanza kufifia. Wala usiiweke tupu wiki nyingi droo ukasema utaijaza Ramadhani ikikaribia. Wino uliobaki utagandia kwenye vitundu, na hewa ya viyoyozi vyetu haisaidii. Hata ikitunzwa vizuri haidumu milele, kichwa kinachakaa. Ukiona mistari myeupe haiondoki baada ya kusafisha mara mbili tatu, umri wake umekwisha.

Sasa suala la picha zenyewe. Wino wa kujazia wa bei rahisi unaweza kufanana na wa asili siku ya kwanza. Tofauti inaonekana baadaye ukutani, kwenye mwanga na hewa. Wenye viwanda hupimia wino na karatasi pamoja, na karatasi ya picha ya kampuni moja na wino wa chupa usio na jina huenda visipatane. Nani katika sisi hana picha ya zamani ya mji mkongwe Unguja, ya babu amesimama na mkongojo, iliyopigwa pengine pale Capital Art Studio, studio iliyofunguliwa mwaka 1930? Picha zile za nyeusi na nyeupe, nyingi bado zinasomeka uso mpaka nyusi. Nisingependa wajukuu wangu warithi karatasi ya waridi isiyo na mtu. Kwa hiyo mimi nagawa: wino wa kujaza kwa kazi za skuli, ramani, ratiba na kadi za mwaliko, wino wa asili kwa picha ya kutia fremu, na fremu iwe na kioo.

Kwa nini katriji iwe ghali hivyo? Kwa sababu biashara imejengwa hivyo. Printa inauzwa kwa bei ya chini, faida inatafutwa kwenye wino. Mwezi wa Septemba 2016 watu wengi duniani waliamka wakakuta printa zao za HP zinazikataa katriji za kampuni nyengine kwa sababu ya programu iliyomo ndani ya printa; malalamiko yalikuwa makubwa mpaka kampuni ikaomba radhi kwa namna ilivyolieleza jambo hilo. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei 2017, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Lexmark na Impression Products, kampuni ndogo iliyokuwa ikinunua katriji tupu, ikizijaza na kuziuza. Mahakama ikasema mwenye hataza akishauza kitu chake, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha, hata kama kiliuzwa nje ya Marekani. Aliyenunua katriji ni yake. Lakini mahakama haikuzuia chipu, na vita vimehamia huko.

Familia zetu zina shida moja zaidi ambayo jirani asiyesafiri hana. Katriji zina maeneo. Ile ambayo Marekani inauzwa kwa nambari 63, Ulaya ni 302, na huku kwetu Mashariki ya Kati na Afrika ni 123. Kwa umbo ni ndugu, lakini printa iliyoanza kazi London inaweza kuikataa katriji iliyonunuliwa Seeb. Ndugu wa Uingereza anayetaka kuleta zawadi ya printa aulize kwanza.

Kwa mwenye kuchapisha sana, dawa ni printa ya matangi. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, nchi ambayo watu walikuwa tayari wanajifungia vibomba na chupa wenyewe, na sasa kampuni nyengine nazo zinazo. Unamimina wino wa chupa, hakuna katriji ya kutupa. Bei yake ya kununulia ni kubwa, na usipochapisha kwa muda mrefu vichwa vinaziba. Kwa nyumba inayochapisha picha kumi kwa mwaka sioni maana yake.

Nimesema iko katriji inayobeba siri. Hii ni ya zile printa ndogo za picha za kadi, kama Canon SELPHY, ambazo mabinti wanazipenda kwa vile zinatoa picha kavu papo hapo. Hazina wino wa maji. Ndani ya kaseti mna utepe mrefu wenye vipande vya manjano, waridi na buluu, na cha nne cha kufunika picha isiharibike kwa vidole. Joto linaihamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda karatasini, na kila kipande kinatumika mara moja tu. Kaseti ya kawaida ya picha za saizi ya postikadi ni ya picha 36, kisha imekwisha, haijaziki.

Lakini pale rangi ilipotoka, utepe unabaki na alama. Uvute nje uutazame kwenye mwanga: sura iko pale pale, ya kinyume kama ile filamu ya zamani, tena mara tatu, kila rangi na yake. Picha zote 36. Aliyejifungia chumbani kuchapisha picha za dada zake bila mitandio, kisha akaitupa kaseti nzima nzima kwenye pipa la mtaa, amefanya sitara nusu. Vunja kaseti, toa utepe, ukate kwa mkasi vipande vidogo au uupitishe kwenye mashine ya kukatia karatasi kama unayo. Usiuchome moto, plastiki ikiungua moshi wake ni mbaya kwa vifua vya watoto. Na kaseti kama hizo usizipeleke kwenye sanduku la kukusanyia katriji kabla ya kuuondoa utepe.

Zile nyengine zilizochoka zina pa kwenda. HP walianza kuzipokea tupu zao mwaka 1991, na plastiki yake husagwa, ikachanganywa na ya chupa za maji, ikatengenezwa katriji mpya. Tovuti za kampuni zinaonyesha nchi zinazohudumiwa, na kabla ya hapo muulize muuza duka. Maofisi makubwa na maskuli huku Ghuba mara nyingi yana sanduku lao, nawe unaweza kumpa mtoto au mume apeleke. Walioko Uingereza wamefanya vizuri zaidi: ziko jumuiya za kheri zinazokusanya katriji tupu na kupata fedha kutokana nazo. Wanazozitaka ni za asili ambazo hazijajazwa. Za kuiga hazina soko.

Na hapa nina neno na wanaopakia makasha ya kwenda nyumbani, Unguja, Pemba na Mombasa. Tumezoea kusema, "Tia, huko watatumia." Printa iliyokufa na mfuko wa katriji tupu si zawadi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka za umeme za kila aina haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ya nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali. Hata sheria isingekuwepo, anayepokea hana kiwanda cha kuzisaga. Zitaishia kwenye shimo nyuma ya nyumba. Ukitaka kumtumia shangazi printa, mpigie kwanza, mwambie amtume kijana Darajani akaulize wino wa nambari gani unapatikana na chupa ni bei gani, ndipo ununue.