Goti Likigoma, Kuna Baiskeli

Mkimbiaji akiumia mguu, kinachomjia kwanza akilini si dawa. Ni hofu kwamba pumzi aliyoitafuta miezi 6 itapotea kwa wiki 3. Ndiyo maana vijana hurudi barabarani wangali wakichechemea, jeraha dogo likageuka ugonjwa.

Madaktari wengi hushauri kuogelea, kwa kuwa maji huubeba uzito wa mwili. Ushauri mzuri, lakini hebu mpe mwanafunzi wa Mboghoni, kule Taveta! Ziwa la upande ule ni Jipe, na lina viboko na mamba. Yeye aazime baiskeli. Kiti kiinuliwe hadi mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini. Goti halitasumbuka sana. Akiendesha dakika 40 hadi jasho limtoke, moyo na mapafu havitasahau kazi. Maumivu yakizidi, ashuke. Goti likivimba, aende hospitali.

Na kama mguu haukanyagi kabisa? Mwaka 1984 Mmarekani Joan Benoit alipasuliwa goti siku 17 kabla ya mchujo wa Olimpiki. Akawa anazungusha pedeli kwa mikono! Alishinda mchujo, na Agosti akatwaa dhahabu ya marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki.

Hapa kwetu, goti lilimkosesha David Rudisha mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013. Dhahabu ya mita 800 aliipata tena Beijing 2015 na Rio 2016.

Siku ya kurudi mbioni, mwanafunzi wetu aanze kwa kutembea, akimbie kidogo, atembee tena. Baiskeli ya jirani asiirudishe bado.