Neno Fupi la Asubuhi, Safari Ndefu ya Kutwa

Ndugu msomaji, asubuhi ya Tukuyu haina haraka ya kufunua uso wake. Mara nyingi ukungu huteremka kutoka Mlima Rungwe, ukafunika migomba na mashamba ya chai, na mtu aliye njiani humsikia mwenzake kabla hajamwona. Hapo sauti ndiyo inayomtambulisha mtu. Anayesalimu hujulikana kuwa ni jirani, naye apitaye kimya hutiliwa shaka.

Tunaanza na ukungu huo kwa sababu leo tunataka kuzungumza nawe, na hasa na vijana walio nyumbani mwako, juu ya neno fupi ambalo Wakristo wengi wa sehemu hizo hulisoma kunapokucha. Ni neno la mstari mmoja au miwili tu. Wako vijana wanaouliza: neno dogo kama hilo lamfaa nini mtu asiye na kazi, au mwenye kazi isiyotosha kulipa kodi ya chumba? Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa makemeo.

NENO LA WALINZI

Kisa cha neno hilo kilianzia mbali. Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walipewa hifadhi katika ardhi ya bwana mmoja wa Ujerumani, Nikolaus von Zinzendorf, wakajenga kijiji kilichoitwa Herrnhut. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf aliwapa wanakijiji neno fupi la kulishika siku ya pili yake. Tangu hapo neno la siku likawa linapelekwa mlango kwa mlango katika nyumba zote 32 za kijiji. Aliyelipeleka hakulitupa kizingitini akaondoka, bali aliingia, akajua hali ya wenye nyumba.

Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilipigwa chapa kwa ajili ya mwaka 1731, na hadi leo hakuna mwaka kilipokosa kutoka. Sasa husomwa kwa lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwamo. Maneno ya Agano la Kale hupatikana kwa kupiga kura huko huko Herrnhut, na kwa hiyo hakuna awezaye kujichagulia yale tu yampendezayo. Jina la neno hilo kwa Kijerumani ndilo jina la neno la siri la walinzi wa usiku: ajaye gizani huulizwa, na akilijua neno hupita kama rafiki.

Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1897. Aliyebatizwa alikuwa mwanamke, jina lake Fiabarema, naye akachukua jina jipya la Numwagire, ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni “nimempata”. Tafakari, ewe kijana: ushuhuda wa maisha mazima umeenea katika neno moja tu.

WALIPOONDOKA WALEZI

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yaliiteka Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Shule na sinagogi ndogo ndogo za vijijini zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Baadaye wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia, Nyasaland, walikuja kusaidia ulezi, na Wamoravian wa Ujerumani walirejea katikati ya miaka ya 1920.

Kama imani ile ingalikuwa mali ya mgeni, bila shaka ingaliondoka pamoja naye. Haikuondoka. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na Rungwe ni makao makuu ya jimbo la kusini la kanisa hilo.

Ndugu kijana uliyetoka Tukuyu ukaja Mbeya au Dar es Salaam kutafuta riziki, habari hii yakuhusu. Hapa mjini mama hakuoni, mzee wa kanisa hajui unalala wapi, na mwenye nyumba anachotaka ni kodi yake. Umebaki bila msimamizi. Je, ulikuwa unashika neno kwa kuwa ni lako, ama kwa kuwa ulikuwa unatazamwa?

MAZIWA YA JIRANI

Tuchukue jambo la kila siku. Rungwe ni nchi ya ng’ombe wa maziwa wanaofugwa zizini na kukatiwa majani. Alfajiri vijana hubeba ndoo na madumu kwenda mahali pa kukusanyia, na maziwa ya kaya nyingi humiminwa katika tangi moja.

Kijana aliyeagizwa kupeleka lita 8 anaweza kushawishika kuongeza maji ili zitimie 9. Atajiambia kwamba lita moja si kitu katika tangi kubwa. Lakini tangi halina ukuta wa kutenga maziwa ya mtu na mtu. Maji yake yameingia katika jasho la mjane aliyekata majani katika mvua, na katika karo ya mtoto asiyemjua. Kipimo kikigundua, wote huaibika. Kisipogundua, wote wameibiwa.

Imani ya Kikristo hufundisha kumpenda jirani, na vijana wengi hudhani jirani ni yule tu wanayemwona. Tangi la maziwa lafundisha zaidi ya hapo. Nawe mfanyakazi wa kiwandani, dukani au ofisini unalo tangi lako: mizani, daftari la mahudhurio, saa za kazi, fedha za chama cha kuweka na kukopa. Neno ulilolisoma saa 12 asubuhi linapimwa hapo saa 4, wakati hakuna akutazamaye.

HASIRA ISIYOSEMWA

Kati ya miaka ya 1934 na 1938, wataalamu wawili wa mila, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika juu ya maisha yao. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni desturi ya kale ya kutamka hasira. Wazee waliamini kuwa sala ya mtu mwenye kinyongo haifai kitu. Mwenye uchungu moyoni alipaswa kuusema waziwazi mbele ya wenziwe, kisha akapuliza maji kutoka kinywani, kuwa ishara kwamba hasira imetoka. Mtu aliyetabasamu huku ameficha uchungu ndiye aliyeogopwa.

Mkristo hana haja ya kupuliza maji, lakini asiidharau hekima iliyomo. Naye amefundishwa kupatana kwanza na nduguye kabla ya kutoa sadaka.

Ni vijana wangapi mjini leo ambao hawajampigia baba yao simu kwa sababu ya shamba la migomba lililogawanywa bila haki? Yawezekana kabisa kuwa kijana ndiye aliyedhulumiwa. Ardhi ya Rungwe ni finyu, watu ni wengi, na mgawanyo mbaya ni dhuluma ya kweli. Hatusemi unyamaze. Twasema usinyamaze! Mwambie mzee kwa heshima, mbele ya ndugu au mjumbe mnayemwamini: “Baba, shikamoo. Jambo hili limeniumiza, nami sitaki tuzikane nalo.” Huenda shamba lisirudi. Lakini mzee akifariki kabla hujasema, urithi wako utakuwa ni ule uchungu peke yake.

WENZIO NI NANI?

Zamani kijana wa Kinyakyusa alipofikia umri wa miaka 10 au 11, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake akajenga kibanda pamoja na wa rika lake. Vijana hao waliunda kijiji chao. Walikula kwa mama wa huyu na wa yule, wala hawakuacha kulima mashamba ya baba zao. Jambo walilolithamini sana liliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio kwa mazungumzo mema, kula pamoja na kupeana adabu. Monica Wilson alikipa kitabu chake cha mwaka 1951 jina litokanalo na wazo hilo.

Vijiji vile vya rika vimekwisha, lakini vijana bado wanajenga vijiji. Kituo cha bodaboda ni kijiji. Kwaya ni kijiji. Kundi la ujumbe katika simu, lenye watu 60 wanaotaniana hadi usiku wa manane, nalo ni kijiji. Jiulize basi: katika kijiji changu, mwenzetu akifiwa twaenda wangapi? Akikosa kazi, nani humgawia chakula? Akianza ulevi, nani humwonya, na nani humnunulia chupa nyingine?

JIBU LA SWALI

Turudi kwa kijana aliyeuliza neno fupi lafaa nini. Jibu la kweli ni kwamba neno halilipi kodi ya chumba, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya. Pia neno likibaki kitabuni halina tofauti na tarehe iliyopita.

Lakini kumbuka zile nyumba 32. Neno la siku lilikuwa na miguu ya kwenda kubisha hodi na masikio ya kusikiliza hali ya watu. Katika kijiji cha namna hiyo mtu asiye na kazi hapotei kimyakimya, kwa kuwa kila siku yuko aujuaye mlango wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo ni Jumapili na jamaa wako nyumbani. Baada ya chakula, mwulize kila kijana wako ataje mlango mmoja atakaoubisha juma hili: wa mgonjwa, wa mdai wake, wa rafiki waliyekosana, au wa mpangaji mwenzake ambaye hajamwona siku 3. Nawe mzazi utaje wako kwanza, wakusikie.