Titi likishaondolewa, lirudishwe au liachwe?

Mazungumzo yangu ya juma hili yanatoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo asubuhi ukungu hupanda kutoka Shimo la Mungu ukaingia mpaka vyumbani. Nilikwenda kumjulia hali mama yangu mdogo. Miaka miwili iliyopita aliondolewa titi la kushoto kwa ajili ya saratani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za watoto, habari za Dar es Salaam, na habari za bei ya korosho. Kisha akafunga mlango.

"Mwanangu," akasema, "wewe unayesema redioni, nasikia siku hizi wapo madaktari wanaounda titi jipya. Ni kweli, au ni porojo za wapiga debe wa stendi ya Masasi?"

Nikamwambia ni kweli. Tena si jambo la juzi. Mwaka 1895, huko Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alieleza jinsi alivyochukua uvimbe wa mafuta usio na madhara kutoka mgongoni mwa mgonjwa wake, akaupandikiza mahali titi lilipokuwa. Mwaka 1962, huko Texas, Marekani, kwa mara ya kwanza mwanamke aliwekewa mfuko wa silikoni kifuani.

Lakini kabla ya kueleza namna linavyoundwa, yafaa tujiulize kwa nini wanawake wengi wa kwetu hupoteza titi zima. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya shingo ya kizazi. Tangu miaka ya 1980 uchunguzi uliofanywa Marekani na Italia umeonyesha kuwa uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, inatosha kuondoa uvimbe wenyewe na kufuatisha mionzi. Mgonjwa huyo huishi sawasawa na yule aliyeondolewa titi zima. Wengi wetu hufika hospitali uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Na hata aliyewahi hukabiliwa na kizingiti cha mionzi. Mwanamke wa Newala au Masasi anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road husafiri zaidi ya kilomita 500, kisha akae Dar es Salaam majuma kadhaa akipigwa mionzi siku baada ya siku. Alale kwa nani? Shamba aliachie nani? Basi husema, "Liondoeni lote nirudi nyumbani." Ndivyo alivyosema mama mdogo.

Sasa titi la kuundwa. Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni mfuko wa silikoni au wa maji ya chumvi unaowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mara nyingi ngozi hutanuliwa kwanza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Mfuko haudumu maisha yote; huenda ukahitaji kubadilishwa baada ya miaka, na pale palipopigwa mionzi nyama huweza kukakamaa ikaubana, ukauma. Njia ya pili ni kutumia mwili wa mgonjwa mwenyewe: nyama na ngozi ya tumboni, au msuli wa mgongoni unaozungushwa mpaka mbele. Titi la namna hii huwa laini, hunenepa na kukonda pamoja na mwenye nalo. Lakini upasuaji wake ni wa saa nyingi, na kovu huwa mawili. Chuchu huundwa baadaye, au huchorwa kwa wino ndani ya ngozi. Hapo mama mdogo alicheka. "Kumbe chale!" akasema. "Bibi zetu walichanjwa mwili mzima, wala hawakwenda Ulaya."

Jambo ambalo vipeperushi vya kigeni hulitaja kwa haraka ni kwamba titi hilo kwa kawaida halina hisia kama za zamani. Linajaza nguo na kumrudishia mtu umbo lake; anayeguswa hapo huenda asisikie kitu. Aambiwe mapema.

Nami nikatazama mikono ya mama mdogo. Ni mkulima. Anapalilia mikorosho, anainama kuokota korosho kutwa nzima, na maji yakikatika, jambo ambalo watu wa uwanda huu wanalijua vizuri, anajitwika ndoo. Ukimtoa msuli wa mgongoni, bega la kulimia linaweza kupungua nguvu. Ukimtoa wa tumboni, kuinua ndoo kutakuwa kazi nyingine. Tayari mkono wake wa kushoto huvimba akibeba mzigo mzito, kwa sababu tezi za kwapani ziliondolewa pamoja na titi. Mwanamke wa ofisini atapiga hesabu yake. Hii ya mama mdogo ni tofauti, na sidhani kama daktari anaweza kumpigia asipomwuliza anafanya kazi gani.

Halafu kuna fedha. Marekani wana sheria ya mwaka 1998 inayoilazimisha bima inayolipia kuondoa titi ilipie pia kuliunda upya. Kwetu, ulizeni mapema bima yenu inalipa nini.

Nilimwuliza kinachomuuma hasa. Hakusema mume. Baba mdogo hajatamka neno baya, ingawa ukimya wake nao una uzito. Kinachomuuma ni unyago. Mama mdogo ni kungwi, amewacheza mabinti wengi wa kijiji, na tangu apasuliwe hajaingia tena. Mambo ya ndani hayasemwi redioni, lakini kila mwanamke wa kusini anajua kuwa humo kanga haikai kifuani muda wote. "Nitawafundisha nini juu ya mwili wa mwanamke," aliniuliza, "na wangu una pengo?"

Sikuwa na jibu. Alilipata mwenyewe, baada ya kunyamaza kitambo, akikumbuka ngoma ya midimu ya utotoni mwake: mchezaji mwanamume akijifunga kifuani kiwiliwili cha mti kilichochongwa matiti na tumbo la mimba, chale zote zikionekana. Vingine viko Ulaya katika majumba ya makumbusho. "Wanaume wetu wanajifunga matiti ya mti," akasema, "na watu wanawashangilia. Mimi nione haya ya nini?"

Basi tukaanza na la kufunga. Watu hushona mfuko ndani ya sidiria na kuujaza sufi au pamba, na kitu kidogo chenye uzito, maana upande mmoja ukiwa mwepesi bega hupanda na mgongo huuma. Yeye alikuwa ametia choroko. Siku ya mvua zikalowa, zikaanza kunuka. Safari hii tumetia pamba na kokoto laini zilizooshwa, ndani ya kitambaa cha pamba kisichochoma kovu. Nchi nyingine akina mama hufuma matiti ya uzi na kuyagawa bure kwa wenzao.

La kuundwa hakulikataa. Kuliunda kunawezekana hata miaka baada ya kuondolewa, kwa hiyo hana haraka, na amenituma niulize kwa madaktari wa upasuaji rekebishi wa Muhimbili juu ya bega na jembe. Mavuno yakiisha mabinti wataingia unyago, na jina lake limo katika orodha ya makungwi. Amelirudisha yeye mwenyewe. Nilipoaga kuteremkia Masasi kupanda basi, nilimwacha kibarazani anashona mfuko wa pili. Wa kwanza, alisema, ni wa kwendea mjini. Huu ni wa shambani.