Maji ya sigara ya umeme: namna watu wanayachanganya nyumbani, na pale hatari inajificha

Tangu tarehe 1 Januari 2025, Ubelgiji haikubali tena kuuza sigara za umeme za kutupa, zile zenye vijana wanaita puff. Ufaransa ilifuata mwezi wa pili wa mwaka uleule, na Uingereza tarehe 1 Juni. Katika inchi hizo, mwenye anataka kuendelea anabaki na chombo chenye kinajazwa tena. Kisha hapo inabaki hatua moja: badala ya kununua maji yenye yako tayari, wengine wanajichanganyia ya kwao kwenye meza ya jikoni, kusudi bei ipunguke.

Jambo hilo haliko la Ulaya tu. Chupa ya mililita 10 inaenea ndani ya valise ya ndugu mwenye anatoka Bruxelles kuja Goma, Bukavu ao Bunia, na video za kufundisha kuchanganya zinafika kwenye telefone yoyote. Lakini pamoja na ile video hakufiki vitu vitatu vyenye kazi yote inategemea: nikotini yenye nguvu yake inajulikana, vimiminika visafi, na mizani ya kweli. Kama kimoja kinakosa, muchanganyo unaweza kugeuka sumu. Na mwenye kuumia wa kwanza anaweza kuwa mutoto wa nyumba, mwenye hajavuta hata siku moja.

Ndani ya chupa muko nini?

Sigara ya umeme ya sasa ilianzia China mwaka 2003, kwa Hon Lik, mufarmasia mwenye alikuwa muvutaji, na mwenye baba yake alikufa na kansa ya mapafu. Haichome tumbaku. Iko na batri, waya mudogo wenye kupata moto, na pamba yenye kulowana maji. Waya ukipata moto, maji yanageuka muvuke, na mutu anavuta ule muvuke.

Ile maji inatengenezwa na vitu vinne. Cha kwanza ni propileni glikoli, kimiminika chepesi chenye kubeba ladha na kukwaruza koo kidogo, sawa vile moshi unafanya. Cha pili ni gliserini ya mimea, yenye ni nzito, tamu kidogo, na inatoa muvuke mwingi. Cha tatu ni ladha: matunda, vanila, menta, tumbaku. Cha ine ni nikotini, ile yenye iko ndani ya tumbaku na inafanya mutu ashindwe kuacha. Wengine hawaitie kabisa.

Chombo kidogo kinapenda maji mepesi, nusu kwa nusu. Chombo kikubwa chenye nguvu kinakubali gliserini sehemu 70 na propileni glikoli sehemu 30. Ukitia maji mazito ndani ya chombo kidogo, pamba inakauka, inaungua, na mutu anavuta moshi muchungu.

Kwa nini watu wa Ulaya wanachanganya wenyewe?

Sababu kubwa iko ndani ya sheria. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliandika sheria ya tumbaku, yenye ilianza kutumika kwa sigara za umeme mwezi wa tano 2016. Inasema hivi: maji yenye nikotini hayapite miligrama 20 kwa kila mililita moja, na chupa yake haipite mililita 10.

Wauzaji walipata njia. Wanauza chupa kubwa yenye ladha lakini bila nikotini, na hawaijaze mupaka juu. Mununuzi anaongeza ndani kichupa kidogo cha nikotini. Mufano wenye unajulikana sana: mililita 50 za maji ya ladha, pamoja na kichupa cha mililita 10 chenye nguvu ya 18. Hesabu iko rahisi. Kumi mara 18 ni miligrama 180 za nikotini. Zigawe kwa mililita 60 zenye ziko sasa ndani ya chupa, unapata 3 kwa mililita. Njo hapo wengi wanaanzia, sababu hakuna kupima kitu, na nikotini yenyewe haiko kali sana.

Jambo moja linachanganya watu: alama ya asilimia. Chupa yenye imeandikwa 2% iko na miligrama 20 kwa mililita. Puff yenye imeandikwa 5% iko na 50, na hiyo inapita mara mbili na nusu kile sheria ya Ulaya inakubali.

Kuanza kutoka zero

Hatua ya pili ni kununua kila kitu mbalimbali. Hapo hesabu inakuwa kali. Katika Marekani, nikotini ya kuchanganya inauzwa hata kwa nguvu ya miligrama 100 kwa mililita. Mutu mwenye anataka mililita 100 za maji yenye nguvu ya 6 anahitaji mililita 6 tu za ile nikotini, kama mililita 10 za ladha, na 84 zenye zinabaki ni gliserini na propileni glikoli. Akikosea koma, akatia 60 pahali pa 6, maji yanatoka na nguvu ya 60. Kwa macho hayana tofauti. Kwa mwili tofauti ni mara kumi.

Ni kwa sababu hiyo wenye kuzoea kazi hii wanapima kwa uzito, hawapime kwa macho. Mizani yenyewe inapaswa kuonyesha gramu moja iliyogawanywa mara mia, sawa na ile ndogo ya wanunuzi wa dhahabu. Mizani ya jikoni ao ya sokoni haitoshi. Na pia gramu haiko sawa na mililita: mililita moja ya gliserini iko na uzito wa gramu 1,26, ya propileni glikoli gramu 1,04. Mwenye anachukua hesabu ya mililita akapima kwa gramu bila kugeuza, amekwisha kukosea.

Namna yao ya kufanya iko hivi. Wanaandika hesabu kwanza kwenye karatasi. Wanafungua dirisha, wanavaa glavu, wanatoa watoto na chakula pale. Wanaweka chupa juu ya mizani, wanarudisha mizani kwa zero kila mara mbele ya kutia kitu kipya. Kisha wanafunga, wanatikisa sana, na wanaandika juu ya chupa tarehe, nguvu na ladha. Maji ya matunda yanaweza kulala siku chache. Yale ya vanila ao tumbaku yanalala wiki mbili ao zaidi kusudi ladha zishikamane. Nikotini inawekwa pa baridi na giza, sababu mwangaza na hewa vinaiharibu na inageuka rangi ya kahawia. Na shauri lenye muanzaji anapewa ni kufanya michanganyo ya kwanza bila nikotini hata kidogo, kwa mililita 10 ao 30 tu, mupaka mukono uzoee.

Usafi wenye macho hayaoni

Katika duka zetu kuko vitu vyenye majina yanafanana. Kuko gliserini ya kupakaa mwili, lakini ile inaweza kuwa na maji, manukato ao vitu vingine. Kuko ladha ya kutia ndani ya keki, lakini ingine iko na mafuta ao sukari. Kitu chenye kinafaa kwa ngozi ao tumbo hakifae kwa mapafu juu ya hilo tu.

Ushahidi ulionekana Marekani mwaka 2019. Watu, wengi wao vijana, walianza kuingia hospitali na mapafu yenye kuharibika. Mupaka tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2807 wenye kulazwa ao kufa, na 68 kati yao walikuwa wamekufa. Wengi walikuwa wamevuta maji ya bangi yenye walinunua kwa marafiki ao barabarani. Waganga walipochunguza maji ya ndani ya mapafu ya wagonjwa 51, kwa 48 walikuta asetati ya vitamini E, mafuta yenye wauzaji walikuwa wanatia kusudi bidhaa ionekane nzito. Kumeza vitamini hiyo haina shida. Kuivuta njo ilileta matatizo.

Ladha ya siagi pia iko na historia yake. Mwaka 2000, katika mji wa Jasper, jimbo la Missouri, wafanyakazi wa kiwanda cha popcorn walikutwa na ugonjwa wa kuziba njia ndogo za mapafu. Walikuwa wanapumua kila siku diasetili, ile yenye kuleta harufu ya siagi. Wachanganyaji wenye akili wanaepuka ladha yoyote yenye diasetili.

Lakini hatari kubwa kwa Afrika iko ndani ya kimiminika chenyewe. Kuko sumu moja, dietileni glikoli, yenye haina rangi, iko tamu, na inafanana kabisa na gliserini ao propileni glikoli. Inatumiwa viwandani. Mwaka 2022, katika Gambia, watoto karibu 70 walikufa na figo kisha kunywa siro ya kikohozi yenye ilikuwa na sumu hiyo na ndugu yake etileni glikoli. Na katika mwaka 2009, wakaguzi wa dawa wa Marekani walikuta dietileni glikoli ndani ya sigara moja ya umeme kati ya zenye walipima. Hakuna namna mutu anaweza kuitambua nyumbani, kwa pua ao kwa ulimi. Kinga ni karatasi: chupa yenye kufungwa, yenye kuandikwa kwamba ni ya kiwango cha dawa, yenye kutoka kwa muuzaji mwenye anajulikana. Bidoni bila etiketi haiko kinga.

Chupa na mutoto

Nikotini inapita kwenye ngozi. Wenye wanavuna tumbaku wanajua: majani yakiwa na umande ao mvua, muvunaji anaweza kusikia kizunguzungu na kutapika siku hiyohiyo, bila kuvuta kitu. Na ile ni majani tu. Chupa ya mililita 100 yenye nguvu ya 100 inabeba miligrama 10000, ni kusema gramu 10 za nikotini safi. Vitabu vya zamani viliandika kwamba miligrama 60 zinaweza kuua mutu mukubwa. Mwaka 2014 mwanasayansi Bernd Mayer, wa Austria, alionyesha kwamba hesabu hiyo haikuwa na musingi, na kwamba kiasi cha kuua kinapita miligrama 500. Hata kwa hesabu yake, chupa moja inatosha watu makumi. Kwa mutoto inahitajika kidogo sana.

Mwezi wa 12 mwaka 2014, katika Fort Plain, jimbo la New York, mutoto wa mwaka mumoja alikufa kisha kumeza nikotini ya maji. Kisha hapo Marekani ilipitisha sheria yenye kulazimisha vifuniko vyenye mutoto hawezi kufungua. Hapa kwetu kila mama anajua namna petroli ya taa inamezwa: iko ndani ya chupa ya sukari, mutoto anafikiri ni kinywaji. Maji ya sigara yenye kunukia fraisi ao bombo ni hatari ileile, na harufu yake ni tamu zaidi.

Alama za sumu ya nikotini ni kutapika, mate mengi, jasho, ngozi yenye kupauka, kichwa kuuma, moyo kupiga mbio. Kisha mutu analegea, anaweza kutetemeka mwili muzima, na pumzi inapungua. Kama maji yalimwagika kwenye ngozi, vua nguo hizo na osha na maji mengi na sabuni. Kama mutoto amemeza, usimulazimishe kutapika. Usimupe mafuta ya mawese wala maziwa: haviondoe sumu, na akitapika mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mupeleke mbio kwenye kituo cha afya cha karibu, na beba ile chupa kusudi munganga asome kiasi.

Na sheria ya jirani?

Mwenye anapita Kasindi ao Bunagana ajue kwamba Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, inakataza kuingiza na kuuza sigara za umeme. Bidhaa yenye inauzwa wazi katika duka la Bruxelles inaweza kumuletea mutu shida ku mupaka.

Kwa muvutaji wa sigara za kawaida, utafiti umeonyesha kwamba sigara ya umeme yenye nikotini inasaidia watu wengi kuacha kuliko plasta ao chingamu za nikotini, na muvuke wake hauna masizi ya moto. Lakini ilianza 2003 tu: hakuna mutu mwenye ameivuta miaka 40 kusudi mapafu yake yachunguzwe. Kwa mwenye hajaanza kuvuta, kwa kijana, kwa mwanamuke mwenye mimba, hakuna faida yoyote ya kuanzia hapo.

Na kwa mwenye anataka kuchanganya, ulizo la kwanza haliko la ladha. Ni hili: ile nikotini iko na nguvu ngapi, na ni nani aliandika ile namba kwenye chupa? Kama jibu halipatikane, hesabu haiwezi kuanza, na chupa inapaswa kubaki yenye kufungwa, juu, mbali na watoto.