Betri ya pikipiki katika kazi ya gari

Juma hili napenda tuzungumzie betri. Sizungumzii ya basi wala ya lori, bali ile ndogo ya pikipiki ya matairi matatu, ambayo wengine huiita toyo na wengine guta. Huko Tarime na Serengeti chombo hiki hubeba ndizi kwenda sokoni, saruji kwenda kwenye ujenzi, na bidhaa kutoka Sirari mpakani. Kazi yake ni ya gari, lakini injini yake ni ya pikipiki. Hapo ndipo matatizo ya betri huanzia.

Betri ikifa, dereva hupoteza kazi ya siku nzima, ilhali jioni tajiri anataka hesabu yake. Basi hukimbilia dukani, na ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja: weka kubwa, kubwa ndiyo bora. Mimi nasema ushauri huo ni nusu ya ukweli.

Tuanze na maandishi yaliyo juu ya betri. Ukiona 12N7, maana yake ni volti 12 na uwezo wa ampia-saa 7. 12N9 ni ampia-saa 9. Volti sharti ziwe zile zile za chombo. Ampia-saa tuzifananishe na ukubwa wa pipa la maji. Pipa kubwa huchukua maji mengi, lakini bomba la kulijaza halikui kwa sababu pipa limekua. Bomba hilo ni mfumo wa chaji wa injini, nao ulitengenezwa kwa betri ndogo. Ukifunga betri kubwa ya gari, chombo kitawaka, lakini safari fupi fupi hazitaijaza. Betri ya tindikali ikikaa muda mrefu bila kujaa, vibao vyake vya risasi huota ukoko mgumu, nayo hufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo chagua ya kipimo kile kile cha kiwandani, au iliyozidi kidogo tu, mradi iingie sawasawa katika kisanduku chake.

Pili, tupige hesabu ya matumizi. Redio ya wati 60 kwenye volti 12 hula ampia 5. Betri ya ampia-saa 7, injini ikiwa imezimwa, haitafikisha saa moja na nusu. Dereva aliyeongeza spika na taa za mapambo asiilaumu betri.

Tatu, usidanganyike na betri ya sola. Ile imeundwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, wakati stata hudai umeme mwingi kwa sekunde chache.

Nne, tazama barabara. Mitikisiko ya changarawe hulegeza vibao vya ndani na kumwaga tindikali. Betri iliyozibwa, isiyoongezwa maji, huvumilia zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Yoyote utakayonunua, ifunge kwa mkanda imara. Hakikisha pia nguzo ya chanya iko upande ule ule wa zamani, nyaya zisije zikavutwa na kugusana.

Lakini kabla ya kununua, mwombe fundi apime. Betri nzima iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma, kipimo kipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kisipopanda, mgonjwa huenda ni mfumo wa chaji, na betri mpya itakufa kama ya kwanza. Kikipita 15, betri inachemshwa.

Betri inayouzwa kavu hutiwa tindikali mara moja tu, siku ya kwanza, kisha ichajiwe taratibu kwa ampia zipatazo sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Ya ampia-saa 9 ichajiwe kwa ampia 0.9. Chaji ya haraka ya betri za lori huiua. Baadaye huongezwa maji safi ya betri, si tindikali.

Na ile ya zamani? Usiipasue nyumbani wala kumwaga tindikali uani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayafutiki. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, waliyaonja hayo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na shauri likaendelea katika rufaa. Hakuna fidia inayorudisha akili ya mtoto. Irudishe betri kuukuu dukani au kwa mnunuzi anayeichukua nzima.

Ndugu dereva, nenda dukani na betri yako ya zamani mkononi, soma maandishi, kisha ndipo ufungue pochi.