Bustani au Shamba la Chumvi? Kumweleza Kibiro Msafiri wa Namuwongo

Namuwongo, mtaa wa Kampala ulio kando ya reli, hukaliwa na watu waliotoka pande nyingi za Uganda na nchi jirani, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutania. Hata hivyo, maelezo ya vivutio vya Uganda huandikwa zaidi kwa Kiingereza, kana kwamba mtalii sharti awe mtu wa ng'ambo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mabango ya njiani bado hayajapata habari hiyo. Makala hii inatumia mfano wa Kibiro kuonyesha kwamba kumwandikia msafiri wa ndani si kazi ya kutafsiri tu.

Kibiro ni kijiji cha Bunyoro kilicho kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Albert, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kutoka Kampala hadi Hoima ni yapata kilomita 200, kisha hufuata mteremko mkali hadi ziwani. Watalii wengi hupitiliza kwenda Murchison Falls. Hapa kuna chemchemi za maji moto yenye chumvi, na wanawake ambao kazi yao, kwa mujibu wa utafiti wa mwanaakiolojia Graham Connah uliochapishwa mwaka 1996, imedumu kwa karne nyingi.

Kazi yenyewe yastahili kuelezwa kwa utulivu. Mwanamke hutandaza udongo mkavu, uliolegea, juu ya ardhi iliyolowa maji ya chumvi. Jua likiwaka, unyevu hupanda na kuacha chumvi katika udongo ule. Hukwangua udongo, akautia katika chombo chenye matundu chini, akamimina maji; kinachochuruzika huchemshwa mpaka ibaki chumvi. Udongo hautupwi: hurudishwa kutandazwa tena. Kwa kuwa ardhi ya Kibiro haifai kwa kilimo, chumvi hiyo ilibadilishwa kwa chakula cha watu wa juu.

Kiingereza huyaita maeneo haya kwa neno ambalo kamusi hutupa kama "bustani". Neno hilo halifai. Bustani humletea msomaji wetu maua, kivuli na mapumziko. Huficha jasho na, baya zaidi, huficha mwenyewe. Vipande hivi vina wenyewe, wanawake, na hurithishwa katika ukoo. "Shamba la chumvi" hubeba kazi, mipaka na urithi kwa pamoja, ingawa hakioti kitu. Hata "kivutio" nina shaka nalo, kwa kuwa hufanya mahali paonekane pamewekwa pale kumsubiri mtazamaji.

Uteuzi huu una matokeo ya papo hapo. Aliyeambiwa anaingia bustanini atatembea apendapo, akiukanyaga udongo uliotandazwa asubuhi. Aliyeambiwa ni shamba atasimama mpakani apige hodi, na atakayemwitikia ndiye anayestahili kumweleza, na kulipwa kwa maelezo hayo.