Lafudhi na Kicheko katika Kibera na Kawangware

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja linalohusu ucheshi wa Nairobi: kwa nini mzaha uleule wa lafudhi humfurahisha mtazamaji mmoja na kumchoma mwingine. Aghalabu husemwa kwamba ladha ya ucheshi ni shauri la mtu binafsi, kama ladha ya chumvi. Sisi tunashikilia kwamba ladha hiyo ina kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zimejulikana Afrika ya Mashariki tangu zamani kwa jina la utani.

Tuanze na mahali penyewe. Kibera iko kusini-magharibi ya jiji. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwani askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza ndio walioanza kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Kawangware iko magharibi, upande wa Dagoretti. Mitaa yote miwili inakaliwa na watu wa makabila mengi, nao huelewana kwa Kiswahili na Sheng. Kila mmoja huja na Kiswahili kilichotiwa muhuri wa lugha ya mamaye. Kikuyu hakitofautishi sauti l na r, na kwa sababu hiyo kula na kura huweza kusikika kama neno moja. Dholuo haina sauti sh, basi shamba huwa samba. Kwa Waluhya wengi b huelekea p, na baba huitwa papa. Kwa mwanafonolojia hayo ni athari za lugha ya kwanza. Kwa mchekeshaji ni mtaji.

Mtaji huo haukuanza na intaneti. Katika Vioja Mahakamani, mchezo uliokuwa ukionyeshwa na Sauti ya Kenya kabla ya shirika hilo kuwa KBC mwaka 1989, washtakiwa na mashahidi walisimama kizimbani kila mmoja na lafudhi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha Redykyulass kiliiga sauti ya Rais Daniel arap Moi, na mzaha ukapanda hadi Ikulu. Siku hizi wachekeshaji kama Njugush na Crazy Kennar hutoa video fupi ambazo mtu huzitazama kwa simu, popote alipo.

Ni vema hapa tukumbuke utani ulivyo. Mathalani, Mnyamwezi na Mzaramo waliweza kutukanana pasipo kuudhiana kwa sababu tatu. Kwanza, kila upande ulikuwa na haki ya kujibu. Pili, mtaniwa alikuwapo, akasikia kwa masikio yake. Tatu, mtani alikuwa na wajibu: msiba ukitokea, ndiye aliyekuja kusaidia mazishi. Kicheko kilikuwa tawi la mti ambao mizizi yake ni ujirani.

Tuutie mzaha wa kula na kura katika mizani hiyo. Siku za amani mzaha huo huwacheka wanasiasa, ambao kwao kura ni njia ya kula; Mkikuyu na Mluhya huucheka pamoja. Lakini Kibera ilimwaga damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Kawangware ikaingia katika mapigano ya kikabila baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017. Nyakati kama hizo lafudhi haiwi tena pambo la mchezo. Ni alama ya kumtambulisha mtu kwa wamtafutao. Maneno hayajabadilika hata herufi moja. Kilichokatika ni ule ujirani. Tangu 2008 Kenya ina sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa inayokataza matamshi ya chuki, lakini sheria hupima maneno, wala haiwezi kupima ujirani.

Hapo ndipo tofauti ya simu na tamasha la filamu inapodhihirika. Mwenye simu hucheka peke yake. Anayechekwa hayupo, na hata akiandika jibu, huenda lisisomwe. Tamasha liitwalo Slum Film Festival lilianza mwaka 2011 na kuonyesha filamu hadharani katika Kibera na Mathare. Katika uwanja wa namna hiyo anayecheka matamshi ya Kiluo ana Mluo ubavuni mwake, naye hana budi kusikia kama jirani huyo anacheka au amenyamaza. Furaha ya tamasha, kwa hiyo, haitokani na filamu tu. Hutokana pia na kucheka kwa idhini ya anayechekwa.

Tumalizie kwa kuwakumbusha wataalamu wenzetu wajibu wetu. Haitoshi kuziorodhesha lafudhi hizi kama makosa ya Kiswahili, wala haifai kusifu kila video kwa jina la ubunifu. Kila mzaha tuuulize: Je, anayechekwa anaweza kujibu? Je, yupo akisikia? Je, anayemcheka atafika msibani kwake? Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wakazi wa Kibera na Kawangware hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo.